Herufi Mia Mbili Themanini

Saa mbili asubuhi, Duluth ndiyo kwanza inakucha,
ghuba imefumba mdomo kwa barafu.
Nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee,
mikono bado inanuka dawa ya kufutia vitanda.
Nimeweka kahawa mezani, na simu kando ya kahawa.
Leo mawakala wa New York wameahidi kupita,
kama wanunuzi wa mnada wanaotazama bila kugusa,
na sisi wenye miswada ya kutisha
tumeambiwa tupange maiti zetu dirishani.

Kurasa mia tatu na kumi na mbili.
Miaka tisa.
Vyote viingie katika herufi mia mbili themanini,
nafasi zikihesabiwa, nukta zikihesabiwa,
na alama ya reli nayo inadai kiti chake.

Nikaanza kukata.
Nikatupa kanisa, na mchungaji mwenye jino la dhahabu.
Nikamtupa shangazi Solveig na samaki wake wa moshi.
Nikatupa ile sura niliyoiandika nikilia chooni, kazini,
mlango nimeuzuia kwa kigari cha mashuka.
Bado zimezidi nane.
Nikaliona jina la kaka: Torvald.
Herufi saba na nafasi moja.
Nikalifuta. Ikatosha,
kama jeneza linavyotosha.

Mwisho wake ulisomeka hivi:
*kila baridi mvulana aliyezama hupiga hodi
kutoka chini ya barafu. Mwaka huu dada yake
amechoka kusikia. Amenunua shoka.*

Nikabonyeza.

Kijana wa Leeds ananadi mkunga anayekula majina.
Mama mmoja wa Winnipeg ana nyumba
yenye chumba kinachonenepa.
Hatujuani, lakini tunasukumana,
kama majirani wanavyosukuma gari lililonasa thelujini.
Sheria ni moja tu: moyo ni wa wakala.
Ukimpenda mwenzio, mpaazie sauti,
moyo wako kaa nao.

Saa tano, kimya.
Saa nane, kimya. Nililala dakika kumi
simu ikiwa kifuani, kama kitoto.
Saa tisa na robo, moyo.
Mwekundu.
Na wangu wa nyama ukaruka kuufuata.

Alikuwa Verlyn, mume wangu,
ameegesha gari la kuzolea theluji pembeni mwa barabara.
Nikampigia nikifoka: Leo hapendi mtu asiyenunua!
Akanyamaza. Nilisikia injini tu, na pua yake.
Kisha: Ardis, yule mtoto,
mbona hukumwandika jina?
Halikuenea, nikasema.
Akasema, Miaka ishirini na sita
hujalitaja jina hilo kabla ya kuzima taa.
Nilidhani ndiyo maana ukaandika kitabu.

Nilikata simu. Nilimchukia mpaka magharibi.
Niliosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Saa mbili kasorobo, mnada unakaribia kufungwa,
nikaufuta mstari wangu, nikauandika upya.
Torvald akarudi mahali pake.
Ilibidi shoka litoke,
na kila mwandishi atakuambia
kwamba shoka ndilo lingeuza.

Dakika zikaisha.
Kijana wa Leeds alipata mioyo mitatu, nikampongeza,
na nusu ya pongezi ilikuwa ya kweli.
Mimi nilikuwa na mmoja,
wa yuleyule, ameuweka tena, mkaidi,
sheria anaijua.

Nje mtu akagonga buti zake kwenye ngazi,
mara tatu, kukung'uta theluji.
Upande wa ghuba barafu ikalia,
kama inavyolia usiku unapokaza baridi.
Sauti hizo mbili zilikuja pamoja.
Nikasema karibu,
sikugeuka kuona nimemwambia nani.

Verlyn akaingia na theluji ya wilaya nzima,
akauliza kama kuna chakula.