Mizani ya Ng'ambo

Saa nne usiku, Mabatini, umeme umerudi.
Mawe nyuma ya nyumba bado yana joto la mchana.
Nimekaa chini, mgongo ukutani, simu kwenye chaja,
daftari la dagaa gotini.
Nimeligeuza nyuma, kurasa asizozisoma tajiri,
nikachora safu tatu: chuo, ada, krediti.

Safu ya tatu haijazwi.

Chuo cha kwanza kinaniita "Mpendwa Minza"
kama tuliocheza rede pamoja.
Wiki sita tu, kinasema, kalkulasi bila machozi,
na picha ya vijana waliorusha kofia juu,
kofia ambazo mpaka leo hazijashuka.
Elfu themanini. Bei chee.
Nikauliza: krediti zenu zinahamishika?
Wakajibu: Ndiyo dada, popote.

Popote.
Mwaka wa nne huu nipo Mwaloni, Kirumba,
napima dagaa wa watu wanaokwenda Goma na Lubumbashi.
Gunia lililoandikwa kilo hamsini hapa
likifika kule linapandishwa mizani upya,
na mizani ya kule ndiyo inayolipa.
Sijawahi kumpimia mnunuzi anayeitwa Popote.

Baba alipolazwa Bugando niliacha chuo
na masomo kumi na moja
yamelala kwa msajili kama nguo kwa fundi.
Linakosekana moja, hisabati ya mwaka wa kwanza.
Nilifeli mara mbili:
ya kwanza kwa kutojua,
ya pili kwa kukesha wodini kuamkia mtihani
nikihesabu matone ya dripu, mangapi kwa dakika,
na jinsi yalivyopungua.
Swali hilo halikutoka.

Chuo cha pili ni laki sita na ushee.
Mwalimu wake ana sauti nzuri; nilimsikiliza somo la bure.
Akafika kwenye kikomo,
namna namba inavyokaribia, ikakaribia, isifike,
bando likakata.
Nilicheka peke yangu hadi Kabula akagonga ukuta.

Cha tatu hakina picha.
Miezi minne, laki tatu na arobaini,
mtihani wa kusimamiwa, kitambulisho mezani.
Nikauliza lile lile. Bi Nshoma wa huko
hakusema ndiyo.
"Hatuwezi kukuahidi," aliandika. "Anayepokea ndiye anayeamua.
Chukua muhtasari wa somo: saa, vitabu, mitihani.
Mpelekee msajili wako, akujibu kwa maandishi.
Ndipo ulipe."

Nikalisoma mara tatu jibu lile lisilo na sukari,
kama mtu aliyerudishiwa chenji kamili
na hakutegemea.

Siku tisa kimya.
Ya kumi, simu ikatetemeka juu ya meza ya mizani,
sindano nayo ikatikisika:
somo litakubalika, krediti tatu,
iwapo utapata C au zaidi,
na matokeo yatoke chuoni kwao moja kwa moja,
yasipitie mkononi mwako.

Iwapo.
Kaka yangu Lutonja ameshika kichwa:
"Laki tatu na arobaini kwa ajili ya iwapo?
Si kianzio cha pikipiki hicho!"
Sikumjibu. Pikipiki namwachia yeye.
Nimeshiba ndiyo za watu; iwapo ina mlango,
na mlango una kitasa, na kitasa nakiona.

Nimejaza safu ya tatu.
Nimelipa nusu leo, nusu mwezi ujao,
Jumapili nitarudia sehemu na desimali,
aibu nimeiacha kwa waliomaliza.

Asubuhi mteja mmoja, koti la mvua, macho kwenye sindano:
"Nitapima tena kule, dada."
Zamani ningenuna.
"Pima," nikamwambia.
Nikashona mdomo wa gunia,
nikaandika uzito wake kwa wino mweusi,
na chini yake, kwa mara ya kwanza,
jina langu.