Kumi na Tano

Mabela, Alhamisi, saa mbili za usiku.
Binti wa dirishani anamwangalia Muhanna,
kisha mimi, kisha tena Muhanna.
"Ana miaka mingapi?"
Nami, mtu mzima, tasbihi imo mkobani,
ulimi ushaanza kuufinyanga uongo
kwa ajili ya mwanamume anayeruka bila mbawa.

"Kumi na miwili," akajibu mwenyewe,
halafu, kwa pupa, "kasoro miezi minne."
Ukweli wa babu yake huo,
hauachi hata baisa ya chenji.

Binti akageuza karatasi, akatusomea
kama anasoma cheti cha daktari:
mapigano, mfululizo.
Damu, kiasi.
Ghorofa linaanguka na watu wamo ndani.
Mama wa shujaa anakufa, dakika ya tisa.
Matusi, yamefutwa.
Busu moja, limekatwa.

"Busu mmelikata, mama mmemwacha afe?"
Akacheka, akaziba mdomo kwa ncha ya shela.
"Mimi nauza tiketi tu, bibi."

Foleni nyuma yetu ikakohoa.

Nilikuwa na miaka sita, Unguja,
na dirisha letu lilikuwa na ufa wa upana wa kidole.
Hakuna aliyebandika namba juu ya ule ufa.
Niliona barabara, niliona jirani yetu Mzee Saleh
na kofia yake, kila kimoja mahali pake.
Kiganja cha mama kikaja kunifumba macho,
kinanuka kitunguu.
Kilichelewa.
Kidogo tu, lakini kilichelewa.

"Bibi," Muhanna ananivuta abaya,
"Azani kesha iona yote kwenye simu.
Kanihadithia mpaka mwisho."
"Na mwisho wake?"
"Anashinda."
Hapo ndipo nilipotaka kumkatia tiketi.

Tukaingia ukumbi wa sita, katuni ya mabata,
watu wa rika zote.
Bisi za chumvi, kiyoyozi cha kugandisha maiti.
Bata mdogo kapotea, anaita,
mara ukuta wa kushoto ukatetemeka:
kule kwa wakubwa ghorofa linaanguka.

Kiganja changu kilishapanda, sikukituma,
kimeshafika machoni pake.

Akakishusha taratibu,
akakirudisha mapajani mwangu, akakishikilia hapo.
"Bibi, ni bata tu."