Mwiko

Leo, saa sita usiku, linatoka.
Ruhusa ya kesho niliiomba tangu mwezi wa sita.
Msimamizi Zenon akauliza, "Harusi?"
Nikasema, "Kubwa kuliko harusi."
Naye, kwa kuwa ana lake la siri kwenye kompyuta ya mwanawe,
akagonga muhuri bila kuinua macho.
"Ila ni mwiko, Bogna," akasema,
"kuanza gemu jipya na la zamani linakudai."

Mimi huendesha tramu hapa Łódź, Poland,
mji wa viwanda vya nguo vilivyolala.
Miaka kumi na tisa: kituo, kengele, mlango, kengele.
Reli haijui "labda."
Upo mtaa mmoja huninong'oneza upande wa kushoto,
una ukuta wa matofali na paka juu ya pipa;
chuma kinasema mbele,
nami ni mbele.
Basi msinicheke nikisema
ninachokipenda si upanga wala joka.
Ni ile njia ya kushoto.

Wamesema milima yake yote inapandika.
Wamesema ukiuziba mto, kijiji cha chini kitakuchukia,
na watoto watakutungia matusi yenye vina.
Wamesema kuna aina sita za mvua!
Ile filamu yake ya dakika mbili nimeitazama mara ngapi?
Shujaa wangu nimekwisha kumfinyanga kichwani:
mwanamke wa makamo, pua ya shangazi Halszka,
magoti mabovu, ulimi wa wembe,
mganga wa mitishamba asiyejua kuogelea.

Saa tano. Linajipakua. Asilimia thelathini na moja.
Mvua ya Novemba inagonga dirisha,
aina moja tu.

Na hapo ndipo aibu hunikuta.
Nina dunia ishirini na saba rafuni
na sijaokoa hata moja.
Mimi ni moto wa mabua.
Mashetani wakuu ishirini na saba
wamekaa kwenye viti vya enzi, wamevaa, wamechana nywele,
wanaulizana: "Yule mama haji?"

Asilimia arobaini. Nafungua la zamani,
la mwaka ule niliovunjika mkono.
Shujaa wangu amesimama mvuani nilipomwacha.
Miaka tisa, wala hakuchuchumaa.
Mfukoni: chupa tatu za dawa,
ufunguo wa mlango nisioukumbuka,
na mwiko. Wa mbao. Ncha imeungua.

Mwiko wa nani?
Nafunua daftari lake. Mpishi wa kivukoni.
Nilimwahidi kuurudisha "kabla ya jioni."

Natembea. Sina farasi, nilimuuza, sijui kwa nini.
Daraja, mbwa mwitu wawili, kinamasi,
na yule pale, mbele ya jiko lisilozimika,
na ubeti wake mmoja, kama mimi na kengele yangu:

*Mpita njia karibu,*
*sufuria ina tabu,*
*mwiko wangu wa ajabu*
*umekwenda na wahuni.*

Nampa.
Anaushika, anautazama, anakoroga.
Hakuna tarumbeta. Bakuli la supu,
alama kumi na mbili za uzoefu,
hazitoshi hata kununua kamba ya kiatu.
Lakini ubeti umekoma.
Anakoroga kimya, na mvuke unapanda,
nami, kwenye kiti changu chenye mguu uliofungwa gundi,
nasikia njaa ya kweli.

Sikwenda kwa shetani. Avumilie.

Asilimia mia.
Simu inatetemeka, ni Zenon: "Umeingia?"
Namwandikia: "Mwiko nimeurudisha."
Anajibu kwa alama ya kuuliza, peke yake.

Saa nane sasa.
Bado nachagua nyusi.