Nyuzi Ishirini na Tatu

Nimekibana kisu cha baba kwenye taya za chuma,
barazani Isevya, umeme umekatika.
Fimbo inapita tunduni, kinoo kinapanda, kinashuka,
nyuzi ishirini, pembe haiyumbi.

Baba hakuwa na nyuzi.
Alikuwa na kizingiti cha saruji, mate,
na kifundo cha mkono kilichovunjikia kwenye mabehewa
mwaka niliozaliwa.

Nikapaka makali wino mweusi, nikapitisha kinoo mara tatu.
Kulia, wino wote ukafutika.
Kushoto ukabaki uzi mmoja, ukingoni kabisa,
mweusi, kinoo hakiufikii.
"Kisage tu, kilingane," Nyamizi akasema, ameshika tochi ya simu.

Kusaga ni mipito hamsini.
Lakini ule uzi ni yeye,
mkono umeinama vilevile kila Jumamosi
kabla ya baiskeli, ndoo, na masega ya Sikonge.

Nikalegeza skrubu.
Ishirini na moja. Ishirini na mbili.
Kwenye tatu wino ukaondoka
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani.

Kimenyoa malaika ya mkono wangu.
Nikakikunja.
Kikalia ta, sauti ile ile ya mfukoni mwake.