Milimita Kumi na Tisa

Daktari alisema milimita kumi na tisa,
nami, fundi cherehani wa miaka arobaini,
kabla ya hofu nilikiona kifungo:
cha koti la sufu, cha pembe, matundu manne.
Aibu yangu ya kwanza ndiyo hiyo, Graciete.
Wewe ulikuwa ukitazama mikono ya daktari,
mimi nilikuwa nikitafuta tundu lake.

Tuliteremka ngazi za hospitali bila neno.
Covilhã yote ni ngazi; mji huu ulijengwa
na watu waliochukia magoti yao.
Ulisimama katikati, si kwa uchovu,
ukaniuliza kama nimezima pasi.
Nimeizima, nikasema.
Ukasema, basi twende.

Siku tatu nilikuwa mjinga mwenye bidii.
Nilinunua daftari. Nikaandika dawa, tarehe,
majina ya madaktari wa Coimbra, saa za basi.
Nikakuambia tutashinda, kana kwamba
mimi ndiye niliyeitwa uwanjani.
Nikapika supu ya kabichi mara tano,
na mara ya tano ukaweka kijiko chini:
"Adelino, naumwa ziwa, si meno.
Nipe nyama."

Dada yako Ermelinda alipiga simu toka Lyon.
Ukamsimulia theluji ya mlimani, bei ya kuni,
dakika ishirini, na ugonjwa haukupata pa kuketi.
Nilitaka kukunyang'anya simu.
Nikakunja ngumi ndani ya mfuko.
Habari ni yako. Nikajifunza
kulinda mlango usio wangu.

Usiku wa nne usingizi ulinikataa.
Nikashuka dukani, nikawasha taa ndogo,
nikaliangua koti lako la kahawia,
lile nililokushonea mwaka kiwanda cha sufu kilipofungwa.
Vipimo vyako havihitaji daftari:
tisini na sita, sabini na nane, mia na mbili.
Nikafumua bitana upande wa kushoto,
nikapunguza, nikapinda, nikapiga bandi.
Mikono ilijua la kufanya, nami niliifuata
kama kipofu afuatavyo fimbo.

Sikukusikia ukija. Ulivaa soksi zangu.
Ulilishika koti, ukalipima kwa macho,
ukaona vazi la mwanamke aliyepungua.
"Bado lipo," ulisema, kiganja kifuani.
"Usinikate kabla ya daktari."

Mwanamume hana mahali pa kuuweka uso wake
saa tisa ya usiku kati ya vitambaa.
Niliketi. Nikalia, Graciete, nikalia vibaya,
kwa kelele, kama cherehani isiyotiwa mafuta.
Hukunibembeleza. Nakushukuru kwa hilo.
Ulivuta kiti, ukainamisha taa,
ukanipa wembe.

Tukafumua. Wewe ulikivuta kitambaa kikanyooka,
mimi nikachomoa uzi, bandi hii, bandi ile,
na ulipoanza kuongea hukuniangalia.
Ulisema unaogopa nusukaputi kuliko kisu.
Ulisema Jumanne nisivae tai, hatuendi kuzika.
Ulisema siku ukichukia kuguswa nisiende mbali,
nikae tu chumba kilekile,
nifanye kelele yoyote ya kazi.
Sikuandika. Nayakumbuka yote.

Kulipopambazuka koti lilikuwa kama zamani,
ila vitundu vya sindano upande wa kushoto,
ambavyo pasi haitavifuta leo.
Ulilivaa juu ya nguo ya kulalia.
Ukafunga kifungo cha kwanza, cha pili.
Kwenye cha tatu ulisita,
ukakizungusha kati ya vidole.

"Ni kama hiki?"

Ni kama hicho.

Ukakitazama sana, kama mteja
anayedhani amepunjwa.
Kisha ukakifunga.
"Injika maji ya kahawa," ukasema,
"na usiyaache yakauke kama jana."