Milimita

Mimi ndiye nipandaye ngazi za tangi namba saba, Shimanzi,
saa tisa ya usiku, viatu vyenye chuma nchani,
simu nimeiacha langoni kwa askari
kwa kuwa cheche moja tu yatosha.
Nafungua kifuniko, naupa mvuke kisogo,
nateremsha utepe wenye timazi ya shaba
taratibu, kama ashushaye ndoo kisimani
asiyetaka maji yamsikie.

Mafuta hayana sauti.
Timazi ikigusa chini hunivuta kidogo,
kama mtoto avutaye kanzu ya babake sokoni.
Napandisha, namulika, naandika:
elfu nane mia nne na kumi na mbili.
Ukikosea milimita moja, aliniambia Bwana Ngao siku ya kwanza,
umekosea lita elfu na ushei,
nazo zitakuandama hadi kaburini.

Basi najua kabla ya alfajiri
Nairobi itaamka na nini kooni,
na Kampala, na malori yaliyolala Mariakani.
Nisilolijua
ni bei ya robo chupa ya mafuta ya taa
dukani kwa Swabra, Chaani, kesho.

Hiyo haina utepe.
Hiyo hupangwa kwenye mlango-bahari mwembamba
nisioweza hata kulitamka jina lake,
manowari zikitazamana pua kwa pua.
Wiki hii tulingoja meli tatu Kipevu. Imekuja moja.
Baharia wake, macho mekundu, aliniomba kiberiti
(kiberiti! pale!)
kisha akacheka: Mimi nimeleta mzigo tu, ndugu yangu.
Bei ilitangulia kwa ndege.

Baba alikuwa mtu wa kiwanda, Changamwe,
kilipokuwa bado kikisafisha mafuta ghafi.
Moto wa lile bomba refu haukulala;
tuliuita mwezi wa kampuni.
Nimesomea hisabati kwa mwanga wake, mlango wazi,
kibatari kikipumzika.
Ulipozimwa, mama alitoka uani, akainua shingo, akasema:
Kumbe hapa kwetu kuna nyota.
Baba hakuangalia juu.
Alikuwa akihesabu kodi kwa vidole.

Na sasa Mbeyu, mke wangu, na stovu yake,
na mahamri ya shilingi kumi.
Ngano huja kwa meli, na meli hunywa.
Mafuta ya uto huja kwa meli.
Lori la kuyatoa bandarini hunywa,
hata nazi ya Kilifi, iliyozaliwa haidaiwi na mtu,
lazima ipande gari.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifunzwa shuleni.
Hatukuambiwa kibaba ni cha nani.

Redioni wanasema mfumuko wa bei.
Mbeyu hajapandisha kitu.
Watoto wa Chaani wana kumi, watakuwa na kumi,
hawana habari na manowari.
Yeye husukuma donge likawa jembamba kuliko la jana,
na hamri huumuka vilevile, tumbo mbele, la dhahabu;
ulitoboe kwa kidole
uone hewa ilivyozidi.

Leo asubuhi nimerudi nanuka dizeli
nikamkuta ameinamia tangi la stovu, sikio karibu,
analitikisa.
Nipe nikupimie, nikamwambia, ndiyo kazi yangu.
Nikatumbukiza njiti ya kiberiti,
nikaitoa, nikaipeleka dirishani penye mwanga.

Ngapi?

Tisa.

Tisa za kufika lini?

Nje mtoto wa kwanza alikuwa ameshagonga dirisha
na sarafu yake.
Nikatoa daftari la kampuni mfukoni
nikaandika tisa,
nikaandika na saa.