Pete ya Shaba

Fundi Malogo aliikereza pete hii
kwa shaba ya koki ya kisima kilichokauka Chipanga.
Siku tatu mashine yake ililala, umeme umekatika;
ya nne akanipigia: njoo na kipimo chako cha kujidai.
Nikapima mara tano.
Milimita kumi na sita, nukta saba.
Ukizidisha unene wa karatasi ya sigara
milima yote ya mbali inalewa.

"Nukta saba ya nini? Mimi nakereza bushi za trekta."

Nikamweleza. Kamera hii ni ya Warusi.
Baba aliileta mwaka sabini na sita
pamoja na cheti cha tiba ya mifugo
na koti zito ambalo Mpwapwa halikupata kazi.
Jina lake, alisema, maana yake ni Mwenye Macho Makali.
Lenzi hii ni ya ukoo mwingine,
ililelewa kwenye kamera yenye kioo tumboni,
kioo kinachoruka kila ukibonyeza,
ndiyo maana imezoea kukaa mbali na filamu.
Kamera ya baba haina kioo.
Pete inashika nafasi ya kitu ambacho hakipo.

Malogo akapuliza vumbi la shaba viganjani.
"Kama kigoda cha marehemu," akasema.
Sikumjibu. Akanidai elfu ishirini na tano.

*

Kwa lenzi yake ya zamani baba alinifundisha hivi:
dirishani kuna watu wawili, mtu na kivuli chake.
Zungusha taratibu mpaka kivuli kimwingie mwenyewe.
Wakiwa mmoja, bonyeza.
Na kaza shata kwanza, ndipo ubadili kasi;
ukigeuza mpango huo utavunja kitu ndani
ambacho hata Moskwa hawakitengenezi tena.

Lenzi ngeni haisemezani na dirisha lile.
Unazungusha, unazungusha,
kivuli kiko pale pale, kimenuna.

Basi nikachukua kamba ya kufungia ndama,
nikaipiga fundo kila nusu mita,
nikaenda Mvumi kwa shangazi Mbeleje
ambaye nyumba yake ya tembe ilikuwa ibomolewe Jumatatu.
Mabati yalikwisha kufika. Yameegemezwa ukutani,
yananing'arizia macho.

Ndani ya tembe hakuna kurudi nyuma.
Hatua moja tu, mgongo uko ukutani.
Lenzi ya baba ingechukua pua na nguzo.
Mimi nilitaka vyote: nguzo zilizopakwa moshi miaka hamsini,
kihenge, ngozi ya kulalia,
jiwe la kusagia lenye mgongo ulioliwa,
na ule mwanga mmoja unaoshuka tunduni
kama unga wa uwele kwenye chekeche.

"Shika ncha hii. Hapa, kifuani."
Akashika. Mafundo matatu na kidogo.
Nikaweka mita moja na robo tatu, tundu nane,
kasi ya kobe, kamera juu ya kinu kilichopinduliwa.
"Sasa usitikisike, shangazi."
"Kwani mimi ng'ombe wa kudungwa sindano?"
Akacheka, na hapo hapo
nikabonyeza, au kidole kilibonyeza chenyewe.

*

Filamu niliisafisha Area C, usiku, kwa maji ya mgawo,
ndoo katikati ya magoti.

Dirishani nilikuwa nimemwona shangazi tu,
na kona ya chini imezibwa na unene wa lenzi.
Filamu iliona zaidi.
Kushoto, unyayo wa mtoto aliyekuwa kajificha nyuma ya kihenge,
ambaye hakuna aliyemwita wala kumfukuza.
Na katika kona ile iliyozibwa, kamba:
inatoka kifuani kwake, fundo moja safi, la pili safi,
kisha inakuja, inavimba, inafifia,
hadi mkono wangu, ambao ni ukungu.

Nguzo zimetulia. Kihenge kimetulia, mpaka nyufa zake.
Shangazi ana midomo miwili inayocheka.

Nilikaa na ile negativu mbele ya taa,
vidole vinatafuta cha kuzungusha.